Daftari la Shule na Daftari la Kambi

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma kuhusu mafunzo ya lazima ya ukadeti katika shule za Wazungu wa Afrika Kusini wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi.)



Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ninyi walimu mnaijua methali hiyo kuliko mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yenu ya kila siku. Lakini methali haikutuambia ni nani anayemkunja samaki huyo, wala anamkunja kwa faida ya nani. Maswali hayo tumeachiwa tuyajibu wenyewe. Leo naomba tuyatafute majibu yake kwa kuutazama utawala mmoja ambao uliwakunja watoto wake kwa bidii kubwa, nao ni utawala wa makaburu wa Afrika Kusini.

Wazo la kumpa mwanafunzi mafunzo ya kijeshi kwa nguvu ya sheria halikubuniwa na makaburu. Lilizagaa katika himaya ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya vita vya Waingereza na Makaburu vilivyomalizika mwaka 1902. Australia na New Zealand zilipitisha sheria za namna hiyo mwaka 1909. Huko Australia mpango ulipoanza kutekelezwa mwaka 1911, wavulana walilazimika kuhudhuria gwaride tangu wakiwa na umri wa miaka 12, na waliokaidi walipelekwa mahakamani. Kufikia mwaka 1915 mashtaka yaliyofunguliwa yalikuwa kiasi cha 34,000, na vijana wapatao 7,000 waliwekwa kizuizini. Hayo yalitendeka katika nchi iliyojisifu kwa uhuru wa raia wake.

Muungano wa Afrika Kusini, ulioundwa mwaka 1910, uliifuata njia hiyo hiyo. Sheria ya Ulinzi ya mwaka 1912 iliweka utaratibu wa mafunzo ya ukadeti kwa wavulana walio kati ya miaka 13 na 17. Sheria hiyo ilielekeza pia kwamba wajibu wa utumishi wa vita usitekelezwe kwa nguvu juu ya watu wasio wa asili ya Ulaya, isipokuwa Bunge liamue vinginevyo. Asije mtu akadhani kwamba walikuwa wanamwonea Mwafrika huruma ili asichoshwe na kwata. Mwafrika alikuwa ndiye adui aliyekuwa akitarajiwa. Asiyeaminiwa kupewa kura hakuweza kuaminiwa kupewa bunduki.

Chama cha National kilipokamata madaraka mwaka 1948, kilikuta msingi umekwisha kujengwa. Kadiri Waafrika walivyozidi kuidai nchi yao, ndivyo sheria zilivyozidi kukazwa. Mwaka 1967 utumishi wa jeshi ulifanywa kuwa wa lazima kwa vijana wote wa kiume wa Kizungu, kwa muda wa miezi 9. Mwaka 1972 muda huo ukafikishwa mwaka mmoja, na mwaka 1977 ukafanywa miaka miwili. Juu ya hiyo miaka miwili, kijana aliendelea kuitwa kambini mara kwa mara kwa miaka mingi baadaye, hata kama alikuwa na mke, watoto na kazi yake.

Jeshi la namna hiyo halikuweza kumngoja kijana hadi amalize masomo. Lilimfuata darasani. Katika shule nyingi za wavulana wa Kizungu ilitengwa siku moja katika wiki, wanafunzi wakavaa sare za rangi ya kaki na kupiga gwaride katika uwanja ule ule waliouchezea mpira. Walifundishwa kutii amri, kupiga saluti na kulenga shabaha kwa bunduki ndogo. Katika jimbo la Transvaal kuliongezwa somo la kuwaandaa vijana kwa ulinzi, na wanafunzi walipelekwa porini kwa siku kadhaa katika kambi za mafunzo, wakaelezwa habari za hatari ya Ukomunisti. Na kwa hesabu ya makaburu, kila Mwafrika aliyedai haki yake alikuwa Mkomunisti au alikuwa ametumwa na Wakomunisti.

Ndugu zangu, ningependa tutulie kidogo juu ya umri wa miaka 16. Mvulana wa Kizungu alipoutimiza umri huo alitakiwa aandikishwe jeshini, naye angali mwanafunzi. Shughuli hiyo ilipitia shuleni, kijana akajaza karatasi, na tangu hapo jeshi likawa na jina lake. Na kijana wa Kiafrika alipofikia umri huo huo wa miaka 16, naye alipewa karatasi yake. Yake ilikuwa pasi, ambayo ilimlazimu aibebe kila aendako, na akikutwa hana alikamatwa. Sheria hizo za pasi ziliendelea hadi zilipofutwa mwaka 1986. Basi serikali moja, katika nchi moja, iliwapa watoto wa umri mmoja karatasi mbili: mmoja ilimwandaa kuwa askari, na mwingine ilimwandaa kukamatwa.

Sasa tujiulize, ni nani aliyezitekeleza kanuni hizo? Sisi tumezoea kuwataja mawaziri na majenerali. Lakini hakuna jenerali aliyekwenda kuita majina katika kila shule. Katika shule nyingi maofisa wa ukadeti walikuwa walimu wenyewe. Mwalimu aliyefundisha hesabu asubuhi ndiye aliyevaa magwanda baadaye, akapigiwa saluti na wanafunzi wake. Karani wa shule ndiye aliyezikusanya fomu. Mwalimu mkuu ndiye aliyesimama jukwaani kulipokea gwaride. Yawezekana kwamba wengi wao walikuwa watu wapole, waliowapenda wanafunzi wao na kuwatakia mema. Walipokea waraka, wakautekeleza. Daftari la shule likageuka kuwa daftari la kambi, na hapakuwa na kelele yoyote.

Vijana hao walipelekwa wapi? Mwaka 1975 majeshi ya makaburu yalivamia Angola. Kwa miaka mingi vijana waliotoka shuleni walipelekwa kaskazini mwa Namibia kuitetea serikali iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo kinyume cha uamuzi wa Umoja wa Mataifa. Baadaye hata mpaka haukuhitajika. Tarehe 23 Oktoba 1984, askari wapatao 7,000, wa jeshi pamoja na polisi, waliingia katika mtaa wa Waafrika wa Sebokeng, wakapekua nyumba baada ya nyumba. Hapo ndipo kijana wa Kizungu alipotambua kwamba mafunzo yale hayakuwa ya kumngojea adui atokaye nje. Alikuwa ameletwa kumwelekezea bunduki mtoto wa yule mama aliyemlea jikoni kwao.

Wapo waliokataa. Mwaka 1983 ilianza kampeni ya kupinga utumishi huo wa lazima, na mwaka huo huo sheria ikawekwa kwamba anayekataa kwa sababu zisizo za dini aweza kufungwa hadi miaka sita. Mwezi Julai 1988 David Bruce alihukumiwa miaka sita gerezani. Mama yake alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, naye alisema hawezi kulitumikia jeshi linalolinda ubaguzi. Mwezi Desemba mwaka huo alifuata Charles Bester, kijana wa miaka 18. Mwezi Agosti 1988 serikali iliipiga marufuku ile kampeni, lakini haikuwatisha. Mwaka 1987 waliotangaza hadharani kukataa walikuwa 23. Mwaka 1988 walikuwa 143. Mwaka 1989 walikuwa 771. Samaki wale walikuwa wamekunjwa wangali wabichi, na bado wakajikunjua.

Upande wa pili wa habari hii unatuhusu sisi Watanzania moja kwa moja. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Maelfu ya vijana waliikimbia nchi yao. Baadhi yao walifika hapa kwetu, na Tanzania ikakipatia chama cha ANC ardhi huko Mazimbu, Morogoro. Hapo ilijengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, mpigania uhuru aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Shule hiyo ilikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Walioijenga walikuwa wametoka vitani, na wengine walirudi vitani. Lakini walipopewa ardhi walianza na madarasa, mabweni, shamba na hospitali.

Najua kuna ndugu ambaye hapo alipo anajiuliza: je, sisi wenyewe hatuwalazimishi vijana wetu? Hilo ni swali la haki, na halifai kukwepwa. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1966 sheria iliwalazimu wahitimu kulitumikia, na tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu na wenzao waliandamana kupinga. Mamia yao walifukuzwa. Siku hiyo Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamewanyoshea kidole wakubwa waliolipwa vizuri. Utumishi huo wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita.

Mimi si miongoni mwa wanaosema kwamba silaha ni haramu. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, nchi hii haikuokolewa kwa hotuba. Wala sisemi kwamba kwata ni dhambi. Walimu wengi hapa wanakumbuka mchakamchaka na hawakudhurika nao. Tofauti haimo katika magwanda. Makaburu waliwachagua watoto kwa rangi yao, wakawachukua wakiwa bado chini ya ulezi wa shule, kisha wakawaonyesha kwamba adui ni jirani yao. Utaratibu wetu hauulizi rangi wala kabila, humngoja kijana amalize masomo yake ya sekondari, na pamoja na bunduki humpa jembe, akalala bweni moja na mtoto wa mkoa asioujua. Hiyo ndiyo maana yake. Siku utakapoiacha maana hiyo, siku mtoto wa mkubwa atakapopata njia ya kuukwepa na mtoto wa mkulima akaubeba peke yake, au kijana akafundishwa kumwona Mtanzania mwenzake kuwa adui, siku hiyo tutakuwa tumebakiwa na magwanda tu.

Na siku kama hiyo haitangazwi kwa tarumbeta. Itafika mezani pako, ndugu mtumishi wa umma, ikiwa waraka uliopigwa mhuri kama nyaraka nyingine. Itafika kwako, ndugu mwalimu, ikiwa safu mpya katika rejista ya mahudhurio. Utii kazini ni jambo jema, na serikali haiendeshwi bila utii. Lakini mtumishi aliyeelimika huusoma waraka kabla ya kuutekeleza. Hujiuliza ni watoto wa nani wanaotakiwa, kwa umri gani, na dhidi ya nani. Jibu likimtia shaka, huandika kwa mkubwa wake kwa adabu na kwa jina lake mwenyewe.

Mwezi Julai 1997, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilifanya kikao maalumu kuhusu utumishi ule wa lazima. Watu waliopelekwa jeshini wakiwa vijana walisimama na kueleza walivyofundishwa, waliyoyaona, na jinsi walivyoshindwa kulala usiku miaka mingi baadaye. Walikuwa watu wazima, lakini habari zao zilianzia utotoni. Mwalimu aliyewaita majina siku ya kwanza ya gwaride, kama yungali hai, bila shaka anakumbuka baadhi ya sura zao. Namwombea kila mmoja wenu hapa asije akazikumbuka sura za wanafunzi wake kwa namna hiyo.