Dola Zapita Kitengela



Kila nakisi ya urari wetu na nchi za nje inapotangazwa, tunauliza swali moja tu: imepanda au imeshuka? Mwaka 2014 ilikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya Pato la Taifa. Siku hizi ni asilimia chache, na wengi wanasema tumepona. Mimi nauliza imeshushwa na nini.

Urari huu unajumlisha bidhaa, huduma, faida na riba, pamoja na pesa wanazotuma jamaa zetu walio ughaibuni. Kwenye bidhaa tunashindwa kila mwaka: mafuta, mitambo na ngano tunayonunua yanazidi chai na maua tunayouza. Wanaotuokoa ni hao jamaa. Mwaka 2023 walituma takriban dola bilioni 4.19, mwaka 2024 zikafika bilioni 4.9, zaidi ya nusu zikitoka Marekani.

Sehemu ya pesa hizo mnaiona mkiinua macho hapa Kitengela. Ghorofa za kupangisha zimefika hadi kwenye malisho ya Wamaasai. Hebu tuikague moja. Simiti imesagwa Athi River, ila klinka yake, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa simiti, viwanda kadhaa vimekuwa vikiagiza kutoka nje. Vigae ni habari njema: tangu 2016 vinachomwa papa hapa katika kaunti yetu ya Kajiado, katika kiwanda cha Wachina, badala ya kushushwa Mombasa kwa makontena. (Faida ikirudi kwa wenye kiwanda, nayo huandikwa kwenye urari uleule, upande wa kutoka.) Kisha madirisha. Magadi yetu ya kutengenezea kioo yana kampuni tangu 1911, lakini magadi hayo hupelekwa Mombasa na kuuziwa viwanda vya vioo vya ng'ambo. Kaunti yenye malighafi ya kioo inajenga kwa kioo cha kuagiza!

Kwa hiyo dola ya muuguzi aliye Dallas inatupunguzia nakisi asubuhi, na jioni sehemu yake imeshatoka kupitia hadwea. Hata suruali tunazouza Marekani kutoka EPZ, yaani maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje, kitambaa ni cha kuagiza. Chetu hasa ni mikono ya kina dada wanaodandia matatu alfajiri.

Wala urari kunyooka si afya kila mara. Latvia, nchi ya Ulaya yenye watu kama milioni mbili, mwaka 2006 na 2007 ilikuwa na nakisi ya zaidi ya asilimia 20 ya pato lake, huku benki za Sweden zikimwaga mikopo ya nyumba. Mikopo ikakauka, 2008 nchi ikakimbilia IMF, na 2009 urari ukageuka ziada. Nani angeshangilia? Watu walikosa tu cha kununulia, na uchumi ulinywea kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Turudi kwetu: mwaka 2023 Bunge letu liliitoza klinka ya nje asilimia 17.5. Sawa, lakini ushuru peke yake haujengi tanuri. Wala simlaumu mwenye ghorofa: akiba yake ataiweka wapi pengine ambapo binamu hataila? Siku atakapoweza kununua kwa simu hisa za kiwanda cha kioo cha Kajiado, huenda akaacha orofa ya tano. Kwa sasa anamwaga zege.