Ufunguo Bandia

Msikilizaji, homoni ya estrojeni ni kama ufunguo: huingia kwenye kipokezi cha seli ya titi na kuiamuru igawanyike. Huko Boston, Marekani, watafiti Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Chuo Kikuu cha Tufts waliona seli za saratani ya titi zikiongezeka bila kupewa estrojeni. Mwaka 1991 walichapisha chanzo chake: mirija ya plastiki ya maabara ilikuwa ikivuja kemikali iitwayo nonilifenoli. Ufunguo bandia ulikuwa umefungua mlango.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Nyamache hapa Kenya, wakulima wa chai, ndizi na mboga. Dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT nayo huiga estrojeni. Utafiti wa California wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mabinti ambao mama zao walikuwa na DDT nyingi damuni wakati wa ujauzito walipata saratani ya titi karibu mara nne zaidi. Kenya iliipiga marufuku shambani mwaka 1986.

Kweli, seli za maabara si mwanamke mzima. Umri, urithi na pombe pia vina uzito. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mtungi wa dawa ya shambani usitekewe maji wala kutiwa maziwa. Anayenyunyizia avae glavu na barakoa. Uji wa moto usimiminwe kwenye plastiki. Nanyi mama na dada zetu, mkigusa uvimbe titini, msingoje uanze kuuma. Nendeni hospitali mapema.