Tairi Jipya, Risasi na Karatasi ya Mashine

Pale Gerezani, Kariakoo, mwenye Toyota IST anayetafuta matairi hana haja ya kumwita mtu. Hajazima gari, kioo kimeshagongwa. "Bosi, za gari yako zipo, kufunga bure." Kuanzia hapo habari yote ni bei: huyu anataja, yule anashusha, wa tatu anaapa kwamba mzigo wake umetoka Japani moja kwa moja. Mteja akipunguziwa kidogo anaona ameshinda. Ile saa moja inayofuata, ya kufunga, kupiga balansi na kufanya alaimenti, haulizii hata neno, na humo ndimo pesa inamopotelea.

Hiyo bure ina pa kufidiwa. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2007. Kile cha Sameer jijini Nairobi, kilichokuwa kikitoa matairi ya Yana, kikafungwa mwaka 2016. Kwa sehemu kubwa, gari dogo la huku kwetu sasa linatembelea mpira ulioshushwa bandarini, na maduka yanayopakana yanauza mzigo unaofanana. Anayeshusha bei kuliko jirani yake ana sehemu mbili za kujifidia: umri wa tairi, au kazi ya kulifunga.

Umri umeandikwa ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Namba nne za mwisho zikisoma 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililolala stoo miaka sita bado lina vinyweleo vyake vya mpira na kashata nzima. Likipakwa mafuta ya kung'arisha, linameremeta kama la jana. Lakini mpira unakomaa hata bila kutembea, na watengenezaji kama Michelin na Continental wanashauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10, hata kama kashata zingalipo. Aliyeuziwa la miaka sita kwa bei ya jipya amenunua masalio.

Saizi nayo isipitwe. IST nyingi huvaa 185/65R15, na baada ya hapo huwa kuna 88. Hiyo 88 ni uzito: kila tairi linabeba hadi kilo 560. Muuzaji akisema "175 itaingia tu, mzee", ni kweli itaingia. Ila 175/65R15 ya kawaida ina namba 84, yaani kilo 500. Gari likienda Kyela mwezi Desemba na watu watano, kisha lirudi na magunia ya mchele, hizo kilo 60 zilizopungua kila pembe si mzaha.

Balansi ndiyo kazi ambayo mteja anaweza kuihakiki kwa macho bila kujua ufundi wowote, lakini wakati huo wengi huwa wamekaa kwenye kiti cha plastiki wanachezea simu. Gurudumu likishapanda kwenye mashine, fundi huingiza vipimo vitatu: umbali wa rimu kutoka kwenye mashine, upana wake na kipenyo chake. Mashine inazungusha, kisha inatoa gramu zinazotakiwa upande wa ndani na wa nje, tuseme 15 na 30. Fundi anabandika vipande vya risasi au vya chuma mahali palipoonyeshwa.

Kazi haijaisha. Gurudumu linatakiwa lizungushwe tena mpaka namba zisome sifuri pande zote mbili, na foleni ikiwa ndefu huo mzunguko wa pili ndio unaorukwa. Wengine hawang'oi hata risasi za zamani, zilizopimwa kwa tairi jingine kabisa. Tope lililogandia ndani ya rimu nalo linapimwa pamoja na gurudumu. Likidondoka kesho, hesabu yote imeharibika.

Siku hiyo mwenye gari hatajua. Kwenye foleni ya Ubungo, gurudumu lisilo na balansi halipati mwendo wa kujitangaza. Usukani huanza kutetemeka gari likishapita Chalinze, kwenye kilomita 90 kwa saa, na fundi ameshabaki nyuma kilomita zipatazo 100. Kumwambia "fundi, naomba nione sifuri kabla hujashusha" hakugharimu kitu, na fundi anayejiamini hanuni.

Kwenye alaimenti usanii ni mwingi zaidi. Zinazopimwa ni pembe: magurudumu yanatazama mbele kwa usambamba au yamegeukia ndani au nje, na yamesimama wima au yameinama. Kosa la kwanza hulitafuna tairi kwa namna inayojulikana kwa kiganja: ukipapasa kashata kwenda, laini, kurudi, meno kama ya msumeno. La pili hula ukingo mmoja mpaka waya utokeze wakati upande wa pili bado mpya. Mashine za kisasa, zenye kamera na vibao vinavyofungwa kwenye kila gurudumu, huonyesha kwa rangi nyekundu namba zilizo nje ya kiwango cha gari husika na kwa kijani zilizokaa sawa, na huweza kuchapa karatasi ya kabla na baada.

Sasa, IST, kama gari ndogo nyingi, nyuma ina mhimili mmoja wa chuma unaoshika magurudumu yote mawili. Huko hakuna nati ya kurekebishia pembe. Mbele nako kinachorekebishwa kwa kawaida ni mwelekeo tu, kwa kuzungusha tairodi. Kupima magurudumu yote manne ni vizuri, maana hapo ndipo mhimili uliopinda hugundulika. Kumtoza mtu "marekebisho ya nyuma" ya IST ni kumuuzia kazi isiyokuwepo. Mwenye Subaru Forester, ambayo nyuma ina pa kurekebisha, ana sababu ya kulipa zaidi. Na kama bushi zimekufa au tairodi zinacheza, alaimenti ingoje. Fundi anayeipiga juu ya bushi mbovu anajua wazi kwamba mteja atarudi baada ya wiki chache.

Vipo vya kuongezewa ankara. Naitrojeni ya kujazia matairi, kwa mfano: hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Ndege na magari ya mashindano yana sababu zake; IST ya kwenda kazini haina, mradi upepo unapimwa kwa namba za kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Hela hiyo ingenunua valvu mpya nne za mpira, ambazo maduka ya "kufunga bure" huziacha kuukuu.

Mwenye uwezo wa matairi mawili tu huyafunga mbele, kwa kuwa ndiko injini inakovutia. Watengenezaji wanashauri nyuma. Mbele pakiteleza kwenye maji dereva anahisi kwenye usukani na anapunguza mwendo. Nyuma pakiteleza, gari linageuka kabla hajaelewa.

Nati ni jambo dogo, ila bunduki ya upepo haina huruma. Toyota ndogo nyingi zinataka nati zikazwe kwa niutoni-mita 103, kipimo ambacho spana ya kwenye buti inakifungua bila shida. Zikikazwa mpaka bunduki ichoke, mwenye gari atajua siku ya pancha, pengine ndani ya Mikumi, barabara kuu inapokatiza hifadhini na tembo wako upande wa pili wa lami.

Duka linaloonyesha sifuri, linalotoa karatasi ya mashine na kukaza nati kwa spana ya kipimo lina haki ya kudai zaidi ya jirani yake, na mteja asilione ghali. Analotakiwa kudai ni risiti ya EFD yenye saizi na idadi ya matairi, namba za DOT ziandikwe nyuma kwa kalamu mbele ya muuzaji, na karatasi ya alaimenti ibanwe pamoja nayo. Tairi likitoa uvimbe ubavuni mwezi wa tatu, mjadala na muuzaji utaanzia hapo.