Kwa Nini Twaidai Kura ya Maoni



Tumeulizwa mara nyingi: ikiwa tumekwisha kuwachagua wabunge, mbona wananchi wangali wanaililia kura ya maoni? Je, huko si kuwadharau waheshimiwa? Twajibu kwamba mbunge ametumwa, hakuuziwa shamba. Mnamo Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A, likaifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Mwananchi hakuulizwa. Watu walifungwa na kuteswa kabla kifungu hicho hakijafutwa Desemba 1991, na hata siku hiyo ya furaha waliopiga kura walikuwa wabunge, sisi tukisikiliza redioni.

Kwa hiyo tulipopewa karatasi ya kura mnamo Novemba 2005 tuliithamini mno. Serikali ilitaka ndizi. Asilimia 58 wakachagua chungwa, na rasimu ikaanguka. Lakini tuungame: wengi wetu hatukuisoma rasimu ile. Tulitazama ni nani aliyesimama jukwaani na tunda lipi, tukawafuata watu wa kwetu.

Agosti 2010 ilituuma sisi wa makanisa. Viongozi wetu wengi walituhimiza tuseme La, kwa sababu ya vifungu vya uavyaji mimba na mahakama za Kadhi. Zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura walisema Ndiyo. Tulishindwa waziwazi. Hata hivyo, katiba ile ile tuliyoipinga ndiyo iliyotupa, katika kifungu cha 257, haki ya kukusanya saini milioni moja na kupendekeza marekebisho sisi wenyewe.

Wakubwa nao waliitamani haki hiyo. Mpango wa BBI uliletwa kwetu kana kwamba umetoka kwa wananchi, hata tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyowekewa wananchi.

Basi, ndugu, atakapobisha hodi mtu mwenye karatasi za saini, hata akiwa mzee wa kanisa, mwombeni kwanza mswada mzima. Usomeni pamoja, kwa lugha mnayoielewa. Mwulizeni ni nani aliyegharamia karatasi zile. Asipokuwa na mswada, msimpe nambari ya kitambulisho.