ZIMETUMWA NGAPI, ZIMEFIKA NGAPI?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Tala, Machakos)



Shukrani zote njema ni zake Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, Ramadhani ndio mwezi ambao pesa za ng'ambo huingia sana hapa kwetu. Dada aliye Riyadh anatuma ya futari. Kaka aliye Doha anatuma ya fitri na ya nguo za watoto za Idd. Alhamdulillahi, ni kheri. Lakini mwezi huu huu ndio maneno huingia nyumbani: "Nilituma elfu thelathini na nne, mbona mama anasema amepata thelathini na tatu?" Mama hajaficha kitu. Dada naye hasemi uongo. Basi pesa imeenda wapi?

Hebu tupige hesabu pamoja. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1986: dola moja ni riyali 3.75. Sasa dola ikiwa shilingi 129, gawanya kwa 3.75, utapata riyali moja ni shilingi 34.40. Riyali 1,000 basi ni shilingi 34,400. Ukiona kampuni imebandika tangazo "Kutuma ni bure", tazama inabadilisha riyali kwa shilingi ngapi. Ikiwa ni 33.20, zitafika 33,200. Shilingi 1,200 zimebaki kwao, na kwenye risiti mahali pa ada pameandikwa sifuri! Jirani yake anaweza kukata riyali 15 waziwazi, halafu zile 985 zilizobaki akazibadilisha kwa 34.20. Zitafika 33,687. Mnaona? Yule wa bure ndiye ghali.

Kwa hivyo kuuliza "ada ni ngapi?" peke yake hakutoshi. Mwambie ndugu yako aulize hivi: "Nikitoa riyali 1,000, mama atapata shilingi ngapi mkononi?" Aulize kampuni mbili tatu, siku hiyo hiyo, kisha achague. Na wewe huku tazama bei ya wastani ambayo Benki Kuu ya Kenya huitoa kila siku ya kazi. Hiyo ndiyo mizani yako. Hutapewa sawasawa na hiyo, kwani mwenye biashara naye lazima apate chake. Lakini ujue amechukua ngapi.

Pesa ikishafika kwenye simu, safari bado. Kwa bei za M-Pesa zilizoanza Julai 2023, kutoa kati ya shilingi 20,001 na 35,000 kwa wakala ni 197. Mama akitoa zile 33,200 mara moja, amelipa 197. Akitoa 8,300 mara nne, kila mara ni 115, jumla 460. Na vitu vya dukani akivilipia kwa till, yeye mnunuzi hakatwi kitu.

Kuna jambo jingine linaloleta dhana mbaya. Januari 2024 dola ilifika kama shilingi 160. Aliyeletewa dola 200 alipata karibu 32,000. Kufikia Agosti mwaka huo dola ilikuwa imeshuka hadi kama 129, na dola 200 zile zile zikawa kama 25,800. Zimepungua zaidi ya elfu sita, na hakuna aliyeiba! Kijana wa watu anafanya kazi usiku kule, huku nyumbani anaambiwa amekuwa bahili. Kumbe hajapunguza hata dola moja.

Wazazi wangu, pesa hii ni amana. Dada akituma, atume na picha ya risiti: ametoa ngapi, kwa bei gani, zitafika ngapi. Wewe uliyepokea, mjibu siku hiyo hiyo kwa shilingi kamili zilizoingia na kilichokatwa wakati wa kutoa. Ikiwa ni ya fitri, mweleze mapema, ili kama haitoshi watu aliowakusudia aongeze kabla ya swala ya Idd. Asingoje usiku wa mwisho.

Vijana, kazi hii ni yenu. Wengi wa mama zetu hawazifahamu hizi hesabu za riyali. Kaa naye baada ya futari, nunua daftari la shilingi chache, mwandikie. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Na wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza: hata undugu huweza kuisha hivyo hivyo.

Allah atutakabalie saumu zetu, na awahifadhi ndugu zetu walio mbali. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.