Shukrani Yenye Jina



Tumefika miaka 25, na neno lililo kinywani mwetu leo ni asante. Lakini asante ya siku ya sherehe ni rahisi: hema limesimama, sare zimepigwa pasi, wali unanukia. Tungependa kunena juu ya asante ya Jumanne, siku isiyo na hema.

Fungueni Zaburi ya 136. Ni wimbo wa kuitikizana, kama tunavyoimba sisi. Mistari ni 26, na kiitikio ni kile kile mara 26. Mtazameni anayeanzisha. Hashukuru kwa jumla kisha akaketi, anataja. Anataja jua, mwezi na nyota, bahari iliyogawanyika, wafalme walioshindwa. Halafu, katika mstari wa 25, anataja chakula. Chakula cha kila siku kimepewa kiitikio kile kile kilichopewa mbingu.

Basi shukrani ina jina: jina la jambo, na jina la mtu.

Sisi wanakwaya huimba mazishini Jumamosi nyingi. Husimama karibu na jeneza historia ya marehemu ikisomwa: alivyomlipia mtoto wa jirani karo, alivyoamka usiku kumpeleka mgonjwa hospitalini. Maneno mazuri sana, lakini mwenyewe hayasikii.

Mwaka wa 2020 ulituonyesha jinsi nafasi ya kusema inavyoweza kufungwa. Makanisa yalifungwa mwezi wa Machi. Yalipofunguliwa Julai, ibada ilikuwa saa moja, watu wasiozidi 100, na waliopita miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Viti vya mama na baba zetu wa kwaya vilikaa vitupu. Baadhi yao hawakuvirudia tena.

Hatusemi kwamba aliyefiwa ashukuru kwa msiba, wala kwamba mkulima anayengoja malipo ya miwa ajifanye ameshiba. Paulo na Sila waliimba gerezani Filipi usiku wa manane, na majeraha yao yalikuwa hayajaoshwa. Wimbo wao haukuyaficha majeraha. Uliimbwa pamoja nayo.

Kwa hiyo tunaomba zoezi moja kwa mwaka wetu wa 26. Jioni, kabla ya kulala, kila nyumba itaje jambo moja la siku hiyo na mtu mmoja aliyelifanya. Kesho yake mtu huyo aambiwe, kwa mdomo au kwa simu: mama aliyefagia kanisa kabla hatujafika, kijana wa bodaboda aliyetungoja mazoezi yalipochelewa, mtoto aliyechota maji bila kutumwa, mwalimu wa kwaya anayerudia mstari mmoja mara kumi bila kupandisha sauti.

Nasi tunaanza sasa hivi. Baba zetu na mama zetu mlioanzisha kwaya hii, tafadhali simameni, na asiyeweza kusimama ainue mkono. Mlitufundisha nyimbo kabla hatujaweza kusoma noti. Mlitembea kwa miguu kwenye matope kuja mazoezini. Mlitugawia uji wenu.

Tunawaambia masikio yenu yakiwa yanasikia: asanteni sana. Orio muno.