Magunia ya Mchanga Juu ya Kifaru



Watu wakimwona mtu mzima ameinama mezani na gundi na brashi, akiunganisha kifaru cha plastiki, hudhani anachezea vita. Mimi ni mmoja wa wanaoinama hivyo. Kazi hiyo imenifundisha kuiogopa vita kuliko habari nyingi nilizozisoma redioni.

Chukua Sherman, kifaru cha Marekani cha Vita Kuu ya Pili. Viliundwa zaidi ya 49,000 kati ya mwaka 1942 na 1945. Chenyewe kilikuwa na urefu wa karibu mita 6 na uzito wa tani 30 hivi. Kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano, kinakuwa na sentimita 17 tu.

Kuunganisha vipande si kazi kubwa. Unakata, unapiga msasa, unajaribisha, ndipo unatia gundi. Kazi yenyewe huanza baadaye, pale unapotaka kifanane na kile kilichokuwa vitani. Hapo lazima utazame picha za wakati ule, na picha hazidanganyi.

Utaona magunia ya mchanga yamepangwa mbele ya kifaru. Utaona magogo yamefungwa ubavuni, na vipande vya minyororo ya akiba vimechomelewa kwenye bamba. Fundi huyatengeneza magunia kwa karatasi laini iliyolowekwa gundi, na kamba kwa uzi wa kushonea. Vinapendeza kweli. Lakini tujiulize, nani aliviweka pale?

Havikutoka kiwandani. Waliviweka askari wenyewe. Bamba la mbele la Sherman za mwanzo lilikuwa na unene wa milimita 51, na mzinga wa kifaru cha Kijerumani aina ya Panther uliweza kulitoboa kutoka mbali. Ndani walikaa watu watano, wamezungukwa na makombora na mafuta. Jenerali George Patton aliyapinga magunia hayo, akiona yanaielemea mashine bila kuzuia kombora. Hata hivyo askari wengi waliendelea kuyapanga. Mfa maji haachi kutapatapa.

Tazameni pia ile nyota nyeupe ya Marekani. Mtengenezaji mgeni huibandika ikang'aa. Askari wengi waliipaka matope, maana adui aliitumia kulenga shabaha.

Basi kila kinachoitwa urembo juu ya kifaru hicho ni alama ya hofu ya binadamu. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotengeneza vifaru safi, vinavyong'aa kama vimetoka dukani. Kifaru safi kinasema kwamba vita ni mashine na ushindi. Kifaru chenye magunia, kutu na nyota iliyofichwa kinasema kwamba ndani mlikuwa na vijana waliotaka kurudi kwao.

Sisi Waswahili tuliipa mashine hiyo jina la mnyama mwenye ngozi ngumu. Jina limefaa kwa chuma, lakini waliokaa ndani hawakuwa na ngozi ya kifaru. Kwa hiyo, ukimwona kijana wako anaunganisha kifaru cha plastiki, usimnyang'anye. Keti naye, umuulize: haya magunia ni ya nini? Jibu lake litamfunza mengi kuhusu vita.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.